Mguu Wangu Haukuwa na Hatia

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya madereva wa foklifti za umeme, maana najua wapo wanaolaumiwa leo kama nilivyolaumiwa mimi.

Nilikuwa dereva katika ghala moja la nafaka hapa Plateau, nje kidogo ya Eldoret. Mahindi ya Uasin Gishu yakianza kuvunwa Oktoba, ghala halijui usiku wala mchana: malori yamepanga foleni, magunia yanapangwa hadi karibu na paa, vumbi la makapi linaingia kila mahali. Msimu huo mashine yangu, ambayo ilikuwa ya zamani, ilianza ukaidi. Nikikanyaga eksileta kidogo, inagoma. Nikiongeza, bado inagoma. Halafu ghafla inaruka kwa nguvu zote, na mbele imebeba paleti nzima. Siku moja iliruka kumwelekea kijana mpakiaji, paleti ikampita karibu na goti. Alijiokoa kwa kurukia rundo la magunia.

Msimamizi akasema nina mguu mzito. Nikapewa barua ya onyo, na nikaambiwa ya pili itakuwa ya kunifukuza. Karo ya watoto ilikuwa haijakamilika, na mke wangu nilishindwa kumwambia. Kilichonitesa zaidi lakini ni lile goti, nikilala naliona. Niliomba sana. Nasema wazi kwamba maombi ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kuingia ofisini na kuomba jambo moja tu: mashine ipimwe kabla sijahukumiwa.

Akaitwa mzee mmoja fundi wa umeme kutoka mjini. Ofisi ilikuwa imeshaanza kuulizia bei ya kontrola mpya, lakini yeye hakuanzia huko. Alianza na betri ya volti 48, seli 24 za volti 2 kila moja, kwa sababu betri iliyochoka huishiwa nguvu mzigo unapovuta. Ilikuwa nzima. Akainua magurudumu yanayoendesha yakaacha sakafu, akaegemeza fremu juu ya magogo, ili mashine ikiruka isiende popote.

“Kijana wangu,” akaniambia, “hili kanyagio halipeleki umeme kwa mota. Linapeleka habari tu.” Chini yake kuna potenshiometa: ukikanyaga, kijiti cha chuma huteleza juu ya utepe wa kaboni, na volti ndogo inayoingia kwenye kontrola hupanda. Kontrola huisoma volti hiyo, kisha hukata na kuunganisha umeme wa betri kwa kasi kubwa mno, na hivyo kuamua mota ipate kiasi gani.

Volti hiyo aliipima kwa mita ya mshale, kwani mshale huonyesha mruko ambao tarakimu zinaweza kuuficha. “Kanyaga polepole, kama kuna yai chini ya kiatu.” Mshale ukapanda kidogo, ukaanguka hadi sifuri, ukakaa hapo, kisha ukarukia karibu volti 4. Tukarudia. Ukaanguka palepale. Akamwita msimamizi aje aone kwa macho yake.

Akazima, akachomoa plagi ya betri, akangoja, kwa kuwa kapasita za kontrola hubaki na chaji hata betri ikitolewa. Ndani ya kifuniko cha potenshiometa tulikuta vumbi la nafaka limegandamana na grisi, na utepe umelika upande wa mwanzo, pale mguu unapokaa dereva anapojongea taratibu. “Mguu mzito ungekula mwisho,” mzee akasema. “Huyu amekula mwanzo.” Nilitoka nje nikalia.

Iliwekwa potenshiometa mpya, mwanzo na mwisho wake vikarekebishwa, na foklifti ikatulia. Barua yangu ya onyo ilitolewa kwenye faili.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri hapaswi kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Dereva mwenzangu, mashine ikianza kuruka, izime, chomoa betri, na uripoti kwa maandishi siku hiyohiyo. Nanyi wasimamizi, nawasihi, iteni fundi mwenye mita kabla ya kuandika barua.