Wiki ya Odhis

Odhis alikuwa wa mwisho kukubali, na mimi ndiye niliyemkubalisha. Nasema hivi mapema kwa sababu kwenye grupu yetu ya WhatsApp hii stori husimuliwa kana kwamba sote wanne tuliamka siku moja mwaka wa 2018 tukaamua kwa pamoja kuuza 3DS zetu. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akipiga debe, na huyo mtu alikuwa na slaidi.

Ndiyo, slaidi. Kumi na moja. Nilizitengeneza kwa simu usiku mmoja nilipofaa kuwa nasoma, nikazionyesha kwenye kitanda cha Baraka pale hosteli, Wendani, huku Njoki akikula chipo na kuuliza kama kutakuwa na mtihani.

Wacha nieleze kwanza tulichokuwa nacho. Kila mmoja wetu alikuwa na 3DS iliyofika Nairobi kwa njia ya Kinairobi, yaani ndani ya begi la mtu wa familia aliyetoka majuu. Zote nne zilikuwa za Marekani, kwa bahati tu. Na tulikuwa na kadi moja ya Mario Kart 7, ya Baraka. Ambaye hajawahi kushika 3DS atadhani kwamba wanne wakitaka kushindana ni lazima wawe na kadi nne. La. Kulikuwa na kitu kinaitwa Download Play. Mwenye kadi anafungua mchezo, wengine wanaushusha kutoka kwa mashine yake hewani, bila intaneti, bila bando, kisha mbio zinaanza. Kadi moja ingeweza kubeba watu wanane. Kwa wanafunzi wanaogawana sukari, hiyo si teknolojia ndogo.

Tulikuwa tukicheza kwenye matatu. Kiti cha nyuma kabisa, jioni, mvua imenyesha na Thika Road imesimama. Kuna siku tulimaliza mbio kumi na mbili kati ya Ngara na Roysambu, na konda akasahau kuchukua nauli kwa sababu alikuwa ameinama juu ya bega la Odhis akimwambia apite kushoto. Odhis alishinda nyingi. Alikuwa na tabia ya kufunga ile mashine akimaliza, tap, kama mtu anayefunga kitabu cha deni, na kuirudisha kwenye mfuko wa jaketi.

Sasa, slaidi. Nyingi zilikuwa upuzi, lakini mbili tatu bado naweza kuzitetea. Ya kwanza ilikuwa ya nambari: Wii U, mashine ya sebuleni iliyotangulia Switch, iliuza milioni 13 na kitu dunia nzima, ilhali 3DS ilikuwa imepita milioni 70. Kampuni ilikuwa ikitengeneza gemu za sebuleni kando na za mfukoni kando, kama mama mwenye vibanda viwili na sufuria moja. Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017, ilikuwa kibanda kimoja. Ukiichomeka kwenye TV ni ya nyumbani, ukiichomoa ni ya safari. Kwa hivyo, nilisema, kila gemu kubwa itaenda huko. Wenyewe walikuwa wakisema 3DS itaendelea kuishi kando yake. Mimi sikuamini, na hapo sikukosea: Pokémon mpya zilianza kuhamia Switch Novemba 2018, na Septemba 2020 ikathibitishwa kwamba 3DS haitengenezwi tena.

Slaidi iliyomvunja Njoki ilikuwa ya kufuli. 3DS ilifungwa kwa maeneo: mashine ya Marekani haifungui kadi ya Ulaya. Shangazi yake alikuwa amemtumia kadi kutoka London, zawadi ya kufaulu, na ile kadi ililala kwenye droo miaka miwili kama noti ya nchi ambayo haipo tena. Switch haina kufuli hiyo. Kadi ya London, ya Tokyo, ya Dubai, zote zinaingia. Nikawaambia hii ndiyo mashine ya kwanza iliyotengenezwa kwa watu wanaoishi kwa mabegi ya wengine. Bado naona ni sentensi nzuri. Shida yangu ni kwamba nilikuwa na sentensi nzuri nyingi.

Shida ya pesa nayo niliimaliza kwa slaidi ya mwisho. Bei Marekani ilikuwa dola 299.99. Wakati huo dola ilikuwa karibu shilingi 100, kwa hivyo 30,000 kabla ya safari, ushuru na faida ya mwenye duka. Luthuli tulipewa 42,000. Hakuna aliyekuwa nayo. Lakini kila mtu akiuza 3DS yake na vikorokoro vyake kwa 9,000 na kuongeza 1,500, ni 10,500 mara nne. Chama! Mashine moja, watu wanne, wiki moja moja, makabidhiano Jumapili saa kumi na mbili jioni. Mama zetu wamenunua mashamba hivyo.

Baraka alipiga makofi. Odhis akauliza, "Inafungika?"

Nikamwambia skrini yake ni inchi 6.2, haihitaji kufungika.

"Inaingia mfukoni?"

"Inaingia kwa begi."

Akanyamaza. Ilibidi nimfuate siku tatu. Nilimfuata mpaka kwenye cyber aliyokuwa akifanya kazi usiku. Kizuizi chake kikubwa, niligundua, kilikuwa Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa Greninja wake kwenye Pokémon Y, aliyemlea tangu akiwa kichura kidogo hadi level 100, kwa saa ambazo Odhis hakutaka kuzitaja. Mheshimiwa ataenda wapi? Nikasema atahama. Nikasema kampuni kama ile haiwezi kuwaacha watu wake hivyo, lazima watajenga daraja. Kulikuwa na njia ya kuwahifadhi kwenye mtandao kwa malipo ya mwaka, lakini ilitaka pesa kwenye eShop na sisi hatukuwa na kadi ya benki. Nikasema tusijali. Sikuwa najua lolote kuhusu daraja. Nilikuwa nataka 10,500.

Tukaenda Luthuli pamoja. Mwenye duka alikuwa tayari kumpa bei ya mashine tu, na Odhis akaanza kuchomoa kadi ya Pokémon abaki nayo. Mheshimiwa aliishi ndani ya ile kadi, si ndani ya mashine. Jamaa akasema akiiacha ataongeza 500. Odhis akanitazama. Nikamwambia, "Utafanya nini na kadi bila mashine?" Ilikuwa swali la kimantiki kabisa. Akairudisha.

Switch yenyewe ilikuwa tamu, nisidanganye. Usiku wa kwanza kwa TV ya binamu ya Baraka, pale Kahawa West, tulicheza hadi mwadhini akaamka kabla yetu kulala. Unachomoa zile Joy-Con mbili za pembeni, kila mtu anashika moja, mnacheza. Lakini wawili. Wanne wanahitaji jozi ya pili, na jozi ya pili Marekani ilikuwa dola 79.99, bei ileile ambayo kutoka 2016 walikuwa wakiuza 2DS nzima, na Mario Kart 7 ikiwa ndani. Hiyo hesabu niliifanya baadaye. Hatukununua. Tulikuwa na sheria kwamba ukishindwa unapisha, na mara nyingi wawili walikuwa wakicheza na wawili wakitazama. Na kwa upande wa kadi, kila Switch inataka nakala yake. Download Play haikuja nasi.

Kwenye matatu hatukuitoa hata siku moja. Nani atatoa kitu cha 42,000, kinachowaka hivyo, kwenye dirisha pale Githurai? Lile tangazo la kwanza, la Oktoba 2016, lilikuwa na dada anayeibeba Switch yake hadi kwenye pati ya marafiki juu ya paa la jengo. Niliitazama labda mara thelathini. Sikuwahi kujiuliza alifikaje pale na alirudije.

Wiki ya Odhis ya kwanza, aliichukua. Ya pili pia. Ya tatu akaniambia, "Kaa nayo tu, niko na kazi mingi." Ya nne hivyohivyo. Mimi nilifurahi, kusema ukweli. Nilikuwa na Zelda ya kumaliza. Niliwaambia wengine Odhis amepoa na gemu, amekua, na Baraka akasema hata yeye ameona.

Halafu siku moja, mapema 2019, akaugua malaria nikampelekea dawa. Tulikuwa marafiki miaka miwili na sikuwa nimewahi kufika kwake. Alikuwa amehama hosteli muhula uliopita, sasa anakaa single room Githurai 45, mlango wa mabati unaofungwa kwa kufuli dogo la njano, lile tunalofungia sanduku la shule. Hakukuwa na TV. Nililiona hilo kabla ya kuona kitanda. Nusu ya mashine niliyomuuzia, nusu niliyoipigia debe zaidi, haikuwa na pa kuchomekwa.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema TV si shida, angecheza kwa mkono.

"Shida ni hiyo mlango, buda. Ile yangu ingeibiwa, ningelia peke yangu, imeisha. Hii ikiibiwa hapa nitawalipa na nini? Thirty-one thousand five hundred?"

Alikuwa ameshafanya hesabu: sehemu zetu tatu, bila yake. Wiki zake mbili za kwanza, aliniambia, alikuwa akienda nayo kazini usiku na kurudi nayo asubuhi akiwa ameifunga kwa sweta ndani ya begi, na mchana alilala akiwa ameiweka chini ya mto. Hakuiwasha hata mara moja wiki ya pili.

Ningependa kusema kwamba nilitoka pale nikabadilisha sheria za chama. Nilisema tutaongea. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya corona, kila mtu akaenda kwao, na Switch ilikuwa kwangu wiki hiyo. Ikabaki. Animal Crossing ilitoka tarehe 20, na mimi nilikaa miezi nikipanda maua kwenye kisiwa, kwa mashine ambayo robo tatu yake haikuwa yangu. Mwaka uliofuata niliwatumia kila mmoja 6,000 kwa M-Pesa. Njoki na Baraka walileta ubishi kidogo kuhusu bei. Odhis aliandika tu "Imefika."

Daraja nalo lilijengwa. Nilikuwa nimebahatisha kweli. Pokémon Home ilifunguliwa Februari 2020, na wenye 3DS zao waliwavusha wanyama waliowalea miaka yote. Lakini ili uvuke ni lazima uwe na kitu ng'ambo ile, na chetu kilikuwa Luthuli, au kwa mtoto fulani aliyekinunua Luthuli, ambaye huenda alipokiwasha alikuta chura mwenye jina la ajabu akamfuta aanze upya. Machi 2023 eShop ya 3DS ilifungwa kwa wanunuzi. Nilimtumia Odhis habari hiyo, sijui kwa nini. Alijibu kwa ile emoji ya mshumaa.

Juni 2025 Switch 2 ikatoka, dola 449.99. Nilijitahidi nisifungue hata video moja. Safari hii mpiga debe alikuwa Baraka, ambaye sasa ana kazi ya maana na anapenda kutuma meseji za sauti. Dakika tatu na nusu. Ina kitu kinaitwa GameShare, alisema, akiwa amechangamka mpaka anapumua vibaya: mwenye gemu mmoja anaweza kuwashirikisha walio karibu naye, hata wenye Switch ya zamani. Si gemu zote, lakini baadhi. "Watu wangu, wamerudisha Download Play! Tufanye chama tena, na sasa hivi tuko na pesa, hata si kama ile time."

Njoki akaweka moto tatu. Mimi nilianza kuandika, nikafuta.

Odhis alikaa hadi jioni, akaandika: "Itakuwa inalala kwa nani?"