Sindano za ukubwani

Mimi ni mkulima wa mahindi, mzaliwa wa Handeni. Presha ndiyo iliyozimaliza figo zangu. Daktari aliposema nianze kusafishwa damu, sikuogopa mashine, niliogopa nauli: huduma iko Tanga mjini, mara tatu kwa wiki, na kila safari unalazwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Sehemu ya shamba ikauzwa. Nikahamia kwa dada yangu Korogwe, nikawa napanda basi alfajiri kupitia Segera na kurudi jioni nikiwa hoi. Pale Muheza machungwa yanapitishwa dirishani, nami nayatazama tu. Potasiamu yake ni hatari kwa mtu kama mimi.

Muuguzi ndiye aliyenieleza habari ya chanjo ya homa ya ini B. Virusi vyake hupitia kwenye damu, na damu yetu ndiyo hiyo inayotoka na kurudi mwilini. Nikamuuliza, chanjo si za watoto? Akaangalia mwaka wangu wa kuzaliwa, akacheka. Tanzania ilianza kuwachanja watoto chanjo hiyo mwaka 2002, na wakati huo mimi nilishaitwa baba.

Figo zikidhoofika, kinga nayo huzorota. Kwa hiyo sisi hupewa dozi maradufu, kwa kawaida sindano nne ndani ya miezi sita. Nilichomwa bega la kulia. Mkono wa kushoto una fistula, mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine. Ukiugusa unasikia ukivuma chini ya ngozi. Huo hauchomwi chanjo wala haufungwi kipimo cha presha.

Mtaani wakasema nafanyiwa majaribio. Dada akawajibu. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ndiko chanjo ya malaria ya RTS,S ilikofanyiwa utafiti wa awamu ya tatu nchini kuanzia 2009. "Majaribio tunayajua," akasema. "Unaelezwa kwanza, ukikubali unasaini. Hii ya kaka ndiyo wanayochomwa wanenu kliniki, dozi tu ndiyo kubwa."

Baada ya sindano ya mwisho nilipimwa kinga. Inatakiwa ifike angalau 10 (mIU/mL), asiyefika hurudia. Yangu ilifika, namshukuru Mungu.

Bado nasafishwa damu. Ila wenzangu wa Handeni wenye presha na sukari nawaambia: ukisikia figo zimeanza kuchoka, ulizia chanjo mapema. Mwili huipokea vizuri zaidi kabla hujafika kwenye mashine.