Kilo 16

Watu wanaojiundia ndege nyumbani, kama Mkenya Gabriel Nderitu aliyetumia injini ya Toyota, huulizwa kwanza kama itaruka. Yetu, ya viti viwili, bado iko kwenye banda la mjomba hapa Bariadi, na swali linaloninyima usingizi ni jingine: tuifunge kiyoyozi gani?

Si anasa. Abiria wa kwanza tuliyemwahidi ni Mama, na Mama ana presha. Adhuhuri ya Oktoba, ndani ya ndege yenye paa la kioo ni kama ndani ya gari lililofungwa vioo juani.

Nikachukua daftari. Nasoma shahada ya umahiri ya uhandisi mitambo, na hesabu hunituliza. Ndege ikijaa isizidi kilo 600. Tupu ina 370. Mama 84, mimi 72, petroli lita 80 karibu kilo 58. Zinabaki 16.

Kiyoyozi cha kompresa, kama cha gari, tulichokipima kina kilo 22. Ili kiingie lazima tupunguze kilo 6 za mafuta: lita 8 na kitu, karibu nusu saa ya kuruka. Nusu saa hiyo ndiyo akiba ambayo rubani wa mchana hapaswi kuipangia kazi nyingine. Tena kompresa hula nguvu ya injini, na huku, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi imeshapunguza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Cha umeme nacho? Jenereta ya injini yetu, Rotax 912, hutoa wati 250 hivi. Hazitoshi.

Njia ilionekana nilipojiuliza joto lenyewe litatusumbua kwa muda gani. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa nyuzi 6.5 hivi. Tukifika mita 1,500 juu ya Bariadi, nyuzi 32 za chini zitakuwa 22. Tunahitaji ubaridi wa dakika 20 tu: kuwasha, kupanda, na zile za mwisho za kutua.

Basi barafu inatosha. Kilo 5 zikiyeyuka hufyonza kilojuli 1,670 za joto. Kwa dakika 20, ni wati 1,400 hivi. Deli kama la wachuuzi wa samaki wa Lamadi, feni ndogo, pampu ya kuzungusha maji baridi: pamoja na barafu yake, kilo 10.

Mwenzangu hajaridhika. Anasema ndege yenye deli itachekwa. Namwelewa, tumeshachekwa vya kutosha. Lakini wanaocheka si wao watakaopanda.

Zimebaki kilo 6. Yeye anataka redio ya pili. Mimi nimeandika michembe, maana safari ni ya Mwanza kwa dada yake Mama, na Mama haendi kwa mtu mikono mitupu.