Mvua ina mwenyewe: Kutoka Magogoni hadi pango la Kolelo

Ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni asubuhi, upepo ndio unaokupokea. Wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki la Feri wanaujua kwa majina. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi huchukua zamu hadi karibu na Septemba. Bahari ikichafuka samaki hupungua na bei hupanda, na mama anayepanga mboga ya jioni kule Buguruni huliona hilo kwenye pochi yake hata kama hajafika pwani mwezi mzima.

Siku hizi tunapata habari za mvua kwenye simu, kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zamani Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, waliamini kwamba mvua ina mwenyewe na kwamba mahali anapokaa panajulikana.

Mahali penyewe ni pango katika Milima ya Uluguru, takriban kilomita 200 magharibi mwa Dar es Salaam. Aliyekaa humo aliitwa Kolelo, na watu walimsimulia kwa umbo la nyoka mkubwa. Mvua zilipokawia, Wazaramo walituma wajumbe huko kwa miguu, wakiwa na zawadi, kama walivyofanya Waluguru wenyewe. Walinzi wa pango ndio waliopokea maombi na kueleza majibu. Juu ya yote alikuwepo Mulungu, muumba, jina ambalo ni ndugu wa neno letu Mungu.

Sauti ya Kolelo ilifika hadi kwenye siasa. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza, habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Gavana wa Kijerumani alikuwa na makazi yake hapa hapa Magogoni, mahali ilipo Ikulu. Aliyeaminiwa kutoa mvua alisikilizwa kuliko aliyedai kodi.

Ukitoka Magogoni ukapanda daladala hadi Kariakoo, mabaki ya imani hizo unaweza kuyashika kwa mkono. Kwenye maduka ya khanga na vitenge, ulizia kaniki, kile kitambaa cheusi kisicho na maua. Jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliomba mvua kwa vitu vyeusi, iwe kitambaa, kondoo au ng'ombe, kwa sababu nyeusi ndiyo rangi ya wingu lililobeba maji. Wamasai nao humtaja Enkai Narok, Mungu mweusi, mwema, anayeleta mvua na majani. Enkai Nanyokie, yule mwekundu, ni wa hasira na ukame.

Mzee mmoja muuza dawa za asili niliyemwamkia pale sokoni aliitikia marahaba, akanitazama na kucheka nilipomuuliza kuhusu Kolelo.

"Mjukuu wangu, hayo ya wazee," akasema. "Mimi naswali. Lakini tukiwa watoto tuliambiwa mvua haitoki hapa, inatoka Uluguru."

Watu wa mbali sana na sisi nao waliitafuta mvua mapangoni. Wamaya wa Meksiko na Amerika ya Kati walimwita mungu wao wa mvua Chaak, na katika michoro yao ameshika shoka lake la radi. Sehemu ya kaskazini ya Yucatán karibu haina mito juu ya ardhi, kwa kuwa maji hupenya kwenye mawe ya chokaa na kukaa katika mapango na visima vikubwa vya asili. Huko ndiko walikopeleka sadaka zao. Hadi leo wapo wakulima wa Yucatán wanaofanya ibada ya kumwita Chaak, na watoto wa kiume hukaa chini ya madhabahu wakilia kama vyura. Wao na Wazaramo walipeleka maombi yao kule ambako maji yanatoka kweli.

Kwa Wazaramo, jiografia inawaunga mkono. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husafiri hadi Uluguru, hukutana na milima yenye kimo cha zaidi ya mita 2,600, hupanda, hupoa na kugeuka mvua. Upande wa mashariki wa milima hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo unapoanzia Mto Ruvu, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Maji ya uji wa mtoto wako Kariakoo huenda yametoka kwenye milima ile ile ya Kolelo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikapungua, na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Mikokoteni ya madumu ikajaa mitaani. Kwa sisi tunaoandika habari za afya, mgawo ni habari ya magonjwa. Maji yakiwa ya kununua, kunawa mikono ndiko hupunguzwa kwanza, na hapo kuhara na kipindupindu hupata njia. Tena kila nyumba huweka mapipa. Mbu wa homa ya dengue, ambayo ilisumbua jiji hili mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye maji yaliyotulia kama hayo, na huuma mchana.

Kwa hiyo funika pipa lako vizuri, na angalau mara moja kwa wiki limwage na kulisugua kuta zake, maana mayai ya mbu hunata hapo. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa, hata kama muuzaji anaapa ni ya bomba. Usipunguze maji ya kunawa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, punguza kwingine.

Kuomba mvua hatujaacha. Waislamu wana swala yake, na makanisani maombi hufanyika. Lakini wazee walikuwa na jambo la ziada: misitu iliyozunguka mahali pa matambiko haikuguswa ovyo, kwa kumwogopa mwenyewe. Miti hiyo hushika maji ya mvua na kuyaachia mtoni kidogo kidogo hadi kiangazi. Ikikatwa kule Uluguru kwa mkaa na mashamba, mgawo unaofuata utatukuta hapa Kariakoo tukiwa na madumu matupu, na hatutakuwa na Kolelo wa kumlaumu.