Theluji ya Kibo na Maji ya Mfongo

Wengi wetu tulilisoma neno theluji katika Biblia miaka mingi kabla ya kuiona theluji yenyewe, na walio wengi hawataiona kamwe. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu, kwa kuwa watu wa pwani hawakuwa na haja ya kukipa jina kitu kisichoanguka kwao. Watoto wakimwuliza mwalimu, "Theluji ni nini?" hujibu, "Ni mvua iliyoganda," kisha huharakisha kwenda kwenye aya ya pili asije akaulizwa zaidi. Sisi nasi tulikuwa tukijibu hivyo. Basi, wakati wa likizo iliyopita tulipanda mlima Kilimanjaro, waalimu wanne pamoja na kiongozi na wapagazi wetu, tukaishika theluji, tukaipika, tukainywa. Twapenda kuwasimulia safari hiyo, hasa kwa sababu tulipanda na fikira moja, tukashuka na nyingine.

Siku moja kabla ya kupanda tulilala Marangu, nyumbani kwa mzee aliye baba wa mmoja wetu. Jioni alitutembeza shambani, tukapita chini ya migomba na mibuni hata tukafika kwenye mfongo wake. Msomaji asiyeijua nchi ya Wachaga na afahamu kwamba mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unaochukua maji katika bonde la mto huko juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, pengine safari ndefu sana, mpaka yafike migombani. Wachaga walikuwa na mifongo tangu zamani za babu zao, na wageni wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia, wakiona jinsi maji yalivyoongozwa juu ya miteremko mikali. Maji hugawanywa kwa zamu. Mtu asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini, awe tajiri au maskini.

Mfongo wa mzee ulikuwa na maji ya kufunika vidole vya miguu tu.

"Nilipokuwa kijana," alisema, "maji haya yalikuwa yakinifika magotini, hata mwezi wa Januari. Tazameni sasa." Akainua fimbo yake, akaielekeza kwenye Kibo, iliyokuwa imejitokeza juu ya mawingu. "Theluji inakwisha, wanangu. Ikiisha ile, na migomba hii imekwisha."

Kisha akatuonyesha misesewe mikubwa iliyosimama kando ya kijito (gome lake hutiwa katika mbege, lakini hiyo si habari ya leo), akasema amekwisha patana na wapasua mbao waje wiki ya pili. Miti hiyo inakunywa maji bure, alisema, na maji yenyewe hutoka juu kwenye theluji. Tena ada za wajukuu zinadaiwa. Hatukuwa na neno la kumjibu, maana sisi nasi tuliamini vivyo hivyo. Theluji iko juu, mito iko chini: nani atauliza zaidi?

Wala si mara ya kwanza theluji ile kuwashughulisha watu. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliiona tarehe 11 Mei 1848. Mtu aliyemwongoza hakuwa na jina lake. Aliiita "baridi" tu. Rebmann alisimuliwa pia kwamba hapo kale watu walitumwa kupanda ili waitwae fedha iliyong'aa kule juu, na kwamba kitu kile cheupe kilipoletwa chini kilionekana kuwa maji matupu. Alipopeleka habari hizo Ulaya, mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, alimkanusha vikali, akidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi ulivunjwa na safari za Baron von der Decken katika mwaka 1861 na 1862, na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Kwa maoni yetu, waliosema "baridi" na waliosema "maji matupu" walikuwa na elimu ya kutosha kumfundisha bwana yule wa London.

Asubuhi tuliingia msituni. Mvua ilitunyeshea, kisha ikakoma, lakini miti iliendelea kutudondoshea maji, kwa maana kila tawi lilikuwa limevaa ndevu za kijani zilizolowana kama sifongo. Ukungu ulipita katikati ya miti polepole, na kila ulipopita matone yaliongezeka. Tulivuka kijito baada ya kijito. Tukanung'unika, twakiri, kwa kuwa viatu vililowa na Kibo hatukuiona hata kidogo. Tulilala penye mabanda ya Mandara, mita 2,720, na siku ya pili tukatoka msituni, tukapita nchi ya vichaka na majani magumu hata Horombo, mita 3,720. Huko vijito vilikuwa vichache. Siku ya tatu tukaendelea kupanda, theluji ikizidi kuwa karibu mbele ya macho yetu, na kumbe maji nayo yakizidi kuadimika, mpaka tukafika mahali penye kibao cha kuwaonya wasafiri kwamba hayo ndiyo maji ya mwisho. Hapo wapagazi walijaza madumu, wakayatwika vichwani.

Mmoja wetu alisimama akakitazama kibao, akaitazama Kibo. "Lakini twaielekea theluji," akasema. "Mbona maji yanakwisha?"

Kiongozi alicheka tu, akasema, "Twende, mwalimu. Utaona."

Kutoka hapo ni uwanda mkubwa ulio kati ya Kibo na Mawenzi, jangwa kabisa, mawe na mchanga na upepo. Penye banda la Kibo, mita 4,720, mvua na theluji ya mwaka mzima ikipimwa kama maji haifikii milimita 200. Wapagazi waliingia wakihema, kila mmoja na dumu lake, na mpishi akaanza kuyagawa maji kwa kikombe.

Jioni hiyo theluji ikaanguka. Haina kishindo kama mvua. Tulitoka nje tukaona ardhi imekuwa nyeupe, na kimya kimya vipande vyepesi vikishuka na kukaa juu ya mikono yetu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na kiu na kichwa kikimwuma, alichota kwa kiganja akaanza kula. Kiongozi alimshika mkono. Alimweleza kwamba theluji huiba joto la mwili ili iyeyuke, na huko juu joto halina wa kulipoteza. Mwenye kiu na aingoje iwe maji.

Basi tukaipika. Mpishi alitutuma tuichote ile ya juu, isiyoguswa na miguu ya mtu. Alitia kwanza maji kidogo katika sufuria, maana theluji kavu ikiwekwa peke yake juu ya moto mkali, sufuria huungua chini na maji hunuka moshi. Tukaijaza mpaka ikafanya kilima. Ilizama, ikanywea, ikawa maji ya kufunika kitako cha sufuria. Tukaongeza, ikazama tena. Theluji mpya ni hewa tupu kwa sehemu kubwa. Pengine yahitaji vipimo kumi ili kupata kipimo kimoja cha maji. Tena moto wake una gharama, kwa kuwa joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu latosha kuipasha kilo moja ya maji yaliyo baridi kama barafu hata kufika karibu digrii 80. Hayo twawaachia waalimu wenzetu wawafanyie watoto hesabu. Kuni haziruhusiwi mlimani, na mtungi wetu wa gesi ulikuwa mdogo. Tulikesha karibu saa mbili kujaza chupa sita, nayo maji tukayachuja kwa kitambaa, maana yalikuwa na vumbi jeusi la mlima. Yalipochemka yalichemka upesi kuliko nyumbani, kwenye digrii 85 hivi, kwa sababu ya uhaba wa hewa. Chai haikukolea, na wali ulibaki na kiini. Mwenzetu mgonjwa alikunywa chupa nzima, lakini kichwa hakikumwacha, na kiongozi akaamuru ateremshwe Horombo usiku uleule. Hatukubishana.

Sisi watatu tuliondoka usiku wa manane. Habari za kupanda kule tutaziruka, kwa maana kila aliyepanda huzisimulia, nazo zote ni moja: baridi, mchanga unaorudi nyuma, na kuhesabu hatua. Jua lilipochomoza tulikuwa ukingoni mwa shimo la Kibo, penye Gilman's Point, na kutoka hapo tukatembea hata Stella Point, karibu na barafu iliyopewa jina la Rebmann. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, tulikiona, hatukukifikia.

Tuliitazama barafu ya kale. Ilisimama wima kama ukuta wa kanisa kubwa lililovunjwa pande zote, na jua lilikuwa likiipiga. Tukatega masikio tusikie maji. Hapakuwa na sauti. Chini ya ukuta mchanga ulikuwa mkavu. Kiongozi akatueleza ya kwamba hewa ya huko ni baridi na kavu mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza, ikachukuliwa na upepo. Nyingine huyeyuka, naam, lakini ni kidogo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 12 hivi; mwaka 2011 hazikusalia hata 2. Wataalamu fulani walitabiri mwaka 2002 kwamba ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo, ila imekonda, tena yaendelea kukonda.

"Kama mito ingetegemea hii," alisema kiongozi, "Moshi ingalikuwa imekauka zamani."

Tuliposhuka tukaingia tena msituni, na mvua ikatunyeshea vilevile, lakini safari hii hatukunung'unika. Tulikuwa tukitembea ndani ya pipa lenyewe. Upande wa kusini wa mlima, penye mita 2,200 hivi, hunyesha milimita karibu 3,000 kwa mwaka, na waliopima wamesema kwamba katika kila sehemu 100 za maji yanayotoka mlimani, 96 hutoka katika ukanda wa msitu. Mvua hupokewa na majani, ukungu hunaswa na zile ndevu za kijani, udongo mweusi hunywa taratibu na kutoa taratibu, na chemchemi hutoka chini, zikaenda kwenye mifongo, na mpaka mto Pangani. Kiangazi, mvua inapokoma, udongo huo ndio unaolipa deni. Lakini tangu mwaka 1976 moto umeteketeza maelfu ya hekta za miti ya sehemu ya juu ya msitu, ile ile inayokamata ukungu. Na mwaka 2005, msitu ulipotiwa ndani ya hifadhi ya taifa, mengi yalikuwa yamekwisha haribika.

Msomaji asidhani kwamba theluji haina kazi popote. Huko Ladakh, kaskazini ya India, mvua ya mwaka ni milimita 100 hivi tu, na mashamba ya shayiri huishi kwa theluji na barafu inayoyeyuka milimani. Taabu yao ni kwamba wakati wa kupanda barafu ya juu haijaanza kuyeyuka. Kwa hiyo mhandisi Sonam Wangchuk alianza mwaka 2013 kuyarusha maji ya kijito hewani wakati wa baridi ili yagande yakawa mnara, nao mnara hudumu hata majira ya kupanda ndipo uyeyuke. Hao theluji ndiyo ghala yao. Ghala ya Marangu ni nyingine.

Mzee tulimkuta kando ya mfongo, jembe begani, akingoja zamu yake. Tulimwamkia, akatuuliza kama tumeiona. Tukamweleza yote: kibao cha maji ya mwisho, chupa sita kwa saa mbili, mchanga mkavu chini ya barafu, na maji tuliyoyakuta msituni. Alisikiliza akiwa ameinama. Hakukubali upesi, naye ana haki. Ameutazama mlima ule kila asubuhi kwa miaka zaidi ya 70, na sisi siku sita.

"Sasa mbona maji yalipungua pamoja na theluji?" akauliza. "Vilipungua vyote viwili, mimi nikiona."

Mwanawe akamjibu, "Na msitu pia ulipungua, baba. Ila ule hauonekani kwa mbali."

Mzee akanyamaza kitambo. Akaigeukia misesewe yake, akaihesabu kwa fimbo, kumi na mmoja. Akasema wapasua mbao atawaambia wangoje kwanza, mpaka masika yapite, naye atakwenda kuongea na wazee wa mfongo. Habari ya ada itatazamwa. Ndipo jirani wa juu akapiga kelele kwamba amekwisha. Mzee akashuka mfongoni, akaondoa mabonge ya udongo na magome ya mgomba yaliyoziba mlango, na maji yakaingia shambani, machache, meupe kwa povu, yakitafuta njia kati ya migomba.