Sketi Peke Yake Si Sifa

Mimi ni mzaliwa wa Bahati, na riziki yangu ni mboga ninazouza kando ya Jogoo Road. Zamani siasa kwangu ilikuwa leso, unga na nyimbo za kampeni. Mwanamke akija kuomba kura, sisi wa vibandani tulimuuliza swali moja tu: "Umetuletea nini?"

Aliyenigeuza ni nyanya yangu, kwa habari za Jael Mbogo. Uchaguzi mkuu wa Desemba 1969 ulipofika, mbunge wetu wa hapa Bahati alikuwa Mwai Kibaki, waziri na mtu mzito serikalini. Chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku Oktoba, chama tawala cha KANU kikabaki peke yake uwanjani. Mbogo, mwanamke kijana kutoka shirika la Maendeleo ya Wanawake, akajitosa kumkabili waziri. Matokeo yalikawia, kisha Kibaki akatangazwa mshindi kwa tofauti ndogo. Wengi mtaani waliamini kuwa aliyeshinda ni Jael. Uchaguzi uliofuata, 1974, Kibaki aligombea Othaya.

Nilimuuliza nyanya, "Sasa huyo Jael alikupa nini?"

Akanijibu, "Alinipa nafasi ya kumwambia waziri hapana."

Jibu hilo lilinikaa. Nikaanza kuwatazama viongozi wanawake kwa jicho jingine. Wangari Maathai, kwa mfano, alikuwa mbunge wa Tetu kuanzia 2002. Lakini mwaka 1992, akiwa hana kiti chochote, aliketi Uhuru Park na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi waliwavamia, naye akapigwa hadi akazimia. Cheo kilimkuta keshakuwa kiongozi.

Basi nami nikaanza kuhudhuria vikao vya wananchi kwenye wadi. Siku moja niliomba tusomewe orodha ya watoto waliopata basari. Mheshimiwa mmoja akaniambia nirudi kwenye sukumawiki zangu. Watu wakacheka. Sikuketi. Wenzangu wa chama chetu cha akina mama wakainuka mmoja mmoja, wakarudia swali lile lile. Orodha ilibandikwa ukutani. Tangu hapo siogopi kikao, na binti za jirani huja kibandani kuniuliza fomu zinajazwaje na malalamiko yapelekwe wapi.

Ndiyo maana siku hizi simsifu kiongozi kwa sababu tu ni mwanamke mwenzangu. Katiba ya 2010 ilituwekea viti 47 vya wawakilishi wanawake, kimoja kwa kila kaunti, na viti hivyo tulivihitaji. Lakini kiti hakimpi mtu ujasiri wala uaminifu. Anayefaa kuigwa ni yule aliyesimamia jambo kabla hajalipwa mshahara wa kulisimamia, anayeulizwa habari za pesa akajibu bila matusi, na anayewafungulia wanawake wengine njia badala ya kufunga mlango akishapita.

Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, wagombea watakuja tena. Dada yangu wa Kayole, wa Umoja, wa Makongeni, leso mwachie mgombea mwenyewe. Muulize alisimamia nini alipokuwa hana cheo. Akikosa jibu, kura yako mpe mwingine. Na ukiona hakuna mwingine, chukua fomu ugombee wewe.