Matibabu ya bure: bure kwa nani, na nani analipa?

Toka Butembo nazungumza hasa nanyi wahamaji wa vita mliotoka Rutshuru, Kanyabayonga na kusini mwa Lubero. Kila nikitangaza habari juu ya matunzo ya afya kwa wote, simu yangu inalia. Swali ni lile lile: "Wanasema kuzaa ni bure. Mbona kwetu tunaombwa makuta?" Leo najaribu kulijibu, maana jambo hili limeingia hata nyumbani kwetu.

Tuanze na ahadi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inasema kwamba haki ya afya inahakikishwa. Disemba 2018 ikatoka sheria juu ya afya ya umma, ambayo ilirekebishwa mwaka 2023. Tarehe 5 Septemba 2023, Raisi Félix Tshisekedi akazindua huko Kinshasa mpango wa matunzo ya afya kwa wote, ule tunaouita CSU. Mlango wa kwanza ukawa uzazi: kupimwa mimba, kujifungua, hata kwa kupasuliwa, kufuatwa baada ya kuzaa, na matunzo ya mtoto mchanga.

Lakini mpango haukuanza nchi nzima siku moja. Ulianzia Kinshasa, kisha ukaelekea majimboni hatua kwa hatua, na unapita katika vituo vilivyofanya mapatano tu. Kwa hiyo mama anaweza kusikia kwenye radio kwamba kuzaa ni bure, na muuguzi wa kituo cha karibu naye akamwomba malipo bila kuvunja mapatano yoyote, kwa sababu kituo chake hakijaingizwa.

Sasa, neno "bure" lina maana gani? Mama halipi, lakini kuna anayelipa. Serikali iliunda Mfuko wa Mshikamano wa Afya ili ulipe kituo baada ya kazi kufanyika. Hapo ndipo penye ugumu. Vituo vyetu vingi vinaishi kwa pesa za wagonjwa. Kutoka humo wananunua dawa, glavu na mafuta ya jenereta, na wauguzi wengi wasio na mshahara wa serikali wanagawana kinachobaki. Mfuko ukichelewa, farmasi ya kituo inakauka, na mama anapewa karatasi akanunue dawa nje.

Ndiyo maana wanasiasa wanabishana. Walio upande wa serikali wanasema: tumeanza na mama na mtoto kwa sababu hao ndio wanaokufa ovyo kwa kukosa pesa. Wapinzani na watu wa shirika la raia wanajibu: mumetangaza kabla ya kutafuta pesa. Wanakumbusha kwamba huko Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wanakumbusha pia elimu ya bure ya shule za msingi iliyoanza Septemba 2019: watoto walijaa madarasani, walimu wengi wakabaki wakingoja mshahara. Watetezi nao wanasema: kama tungengoja pesa zote zipatikane, watoto wale wangebaki nyumbani mpaka leo.

Mimi naona wote wana sehemu ya ukweli. Shemeji yangu alijifungua kwa kupasuliwa katika kituo kimoja cha huku kwetu. Alipona, lakini alibaki siku kumi na moja zaidi kwa sababu ya deni, akinyonyesha mtoto kwenye baraza huku sisi tukizunguka kukopa. Muuguzi aliyemzuia naye alikuwa na watoto wa kulisha. Toka siku ile, mtu akiniambia kwamba uzazi wa bure ni siasa tupu, siwezi kukubali. Na mtu akiniambia kwamba kutangaza kunatosha, hilo pia silikubali.

Kuna njia nyingine ya zamani: mutuelle. Watu wanachanga kila mwaka, na anayeugua anasaidiwa na mchango wa wazima. Huko Bwamanda walianza mwaka 1986, na sheria ya mutuelle ilitoka Februari 2017. Wengi wanakasirika kuambiwa wangoje miezi kadhaa kabla ya kutumia kadi. Sababu ni hii: kila mtu akijiandikisha siku anapougua, sanduku linakwisha kabla ya wiki.

Kwa muhamaji, mutuelle ni ngumu. Ulichanga kule ulikotoka, kadi imebaki ndani ya nyumba, na kituo chenyewe kimeporwa. Huku unasubiri shirika la misaada litibu bure kwa miezi michache, kisha liondoke. Na mwenyeji aliyekupokea, ambaye shamba lake mnakula wote, analipa kamili kwenye dirisha lile lile. Hapo manung'uniko yanazaliwa, na nimeyasikia kwa masikio yangu. Mpango wa taifa ukifika kweli, unapaswa kumfuata mtu popote vita inapomsukuma, na usiwatenganishe muhamaji na mwenyeji wake.

Mama mjamzito, usingoje uchungu. Siku ya kupimwa mimba uliza wazi: je, kituo hiki kiko ndani ya mpango? Kipi ni bure, kipi nitanunua? Kupasuliwa ni hapa au nitapelekwa wapi, na safari analipa nani? Nenda na mtu wa kusikia majibu pamoja nawe. Ukiombwa pesa, omba risiti. Kamati ya afya ya mtaa wako ina haki ya kuiona, na siku wabunge wetu watakaporudi kutuomba kura, tutakuwa nazo mkononi.